Kidonge cha Daku

Saa kumi kasorobo, Langoni,
kigoma cha daku kimeshapita.
Nameza kidonge changu cheupe, chenye mfuo katikati,
juu ya wali wa jana na chai.
Zamani nilikimeza saa mbili asubuhi.
Swafia wa duka la dawa ndiye aliyenihamishia saa:
"Usifunge kwa kuiacha. Ihamishe tu.
Hii haifukuzwi,
huagwa, husindikizwa, hatua kwa hatua."

Sikumwambia kuwa Shaabani ya mwaka jana niliifukuza.
Nilijiona nimepona.
Siku ya tatu cheche zikaanza kichwani,
redio isiyokamata stesheni,
sindano ya kofia ikanidunga mara sita,
nikamlilia paka.
Paka mwenyewe ameshiba.

Sasa ni jino.
Tangu usiku wa kumi na saba linanipigia hesabu.
Jana Mama Shekue akaniita kwa dirisha la wikio:
"Ndoo, mwanangu, nna dawa kali hapa,
ya mgongo wa marehemu."
Vidonge vinne, fundo la leso,
fundo lililofungwa vyema.
Nikafungua. Nikasoma. Tramadoli.

Nikakisikia kidole cha Swafia kikigonga kaunta:
hiyo na yako haziketi sinia moja.
Zikikutana, mwili huchemka bila moto,
jasho, mikono kutetemeka, moyo mbio,
maneno yakapotea njia ya mdomo.
"Ukiona hivyo usingoje kupambazuke, nenda hospitali."
Akaendelea, nami naandika nyuma ya karatasi ya ushoni:
dawa ya kikohozi, uliza;
ya maumivu ya mwezi, uliza, tumbo laweza kutoa damu;
majani ya yule mzee wa Mokowe, hata yakiwa na jina zuri.
Muguka wa kaka, usionje.
Nikacheka. Hakucheka.
"Na fikra za kujidhuru zikija, hasa wiki za mwanzo,
mimi nafungua saa mbili, lakini simu haifungwi."

Kwetu huzuni hufukiziwa ubani,
husomewa, huambiwa isali.
Nami nasali. Na nameza.
Hazigombani hizo mbili, nimeuliza.

Nikalirudisha fundo dirishani.
"Siwezi, mama. Nna dawa nyingine."
"Ya nini?"
Punda akapita chini, na mwenyewe, na mzigo wa matofali.
Nikangoja wamalize kona.
"Ya moyo kuwa mzito."

Kimya.
Nilidhani ameshafunga dirisha.
Nikatafuna karafuu, nikameza panadoli,
ile ambayo Swafia aliiwekea alama ya ndiyo.

Kisha sauti, ndogo, si ile ya kuitia mchuuzi:
"Hiyo yako...
humezwa kabla ya chakula au baada?"

"Baada," nikamwambia.
"Lakini usimeze yangu, mama.
Kesho twende ukaulizie yako."