Swali la Leo

Bi Mejumaa hakuwa na ubao.
Alikuwa na mlango wa friji iliyokufa.
Aliupaka rangi nyeusi, akauegemeza ukutani
hapo Mtongwe, kwenye mteremko wa kwenda kivukoni,
na kila alfajiri, mafuta hayajachemka,
aliandika kwa chaki: LEO.

Leo, mwaka wa sitini na moja,
nani alikwenda anga za juu akarudi mzima?
Ukipata, hamri la pili bure.
Ukikosa, lipa, kula, nenda zako kazini
kichwa kikuwashe mpaka jioni.

Wapakiaji wa Kilindini walibishana midomo imejaa mbaazi.
Mwalimu Dzombo alijua vita vyote, mpira hakuujua.
Nasoro wa baiskeli alijua mpira tu,
akangoja mwaka mzima tarehe yake ifike,
ilipofika alikuwa na homa.
Mimi nilikuwa na miaka tisa na njaa.
Dunia niliisoma kwa tumbo:
Mreno kutia nanga Mombasa, saba Aprili, hamri.
Tanganyika na Unguja kuungana, ishirini na sita, hamri,
na mchuzi juu, maana nilitaja na mwaka.

Kumi na tano ilikuwa siku ya Titaniki.
Hapo tulipiga kelele sote.
Tulijua bendi ilivyopiga, tulijua maji yalivyokuwa baridi,
sisi ambao barafu tuliyoijua
ni ya ukwaju, ya kufyonza kwenye mfuko.

Kisha ishirini na tisa.
Mlango wa friji umeoshwa, mtupu.
"Bi, swali?"
"Leo halina."
Akachota mbaazi bila kunitazama.
Wakubwa walikula kimya, hata Nasoro,
wakiyaangalia maji kama mtu anayemwangalia mdai wake.
Njiani kwenda shule mwenzangu akaninong'oneza:
feri. Ilipinduka. Pale pale.
Tukakimbia, kengele ilikuwa imelia.

Alipofariki, daftari lake niliachiwa mimi,
sijui kwa nini, labda kwa vile
nilimla mahamri mengi kuliko wote.
Kurasa mia tatu sitini na sita
(Februari ndefu hakuisahau),
zinanuka iliki,
kila jibu limeandikwa juu chini
ili mchunguliaji kama mimi apate taabu.

Ukurasa wa ishirini na tisa Aprili
hauna jibu, si juu wala chini.
Una selotepu iliyogeuka njano,
na ndani yake ile sarafu ya zamani ya pembe saba
na shilingi moja moja, mbili.
Ameandika:

*Ijumaa, 1994. Shati la buluu.
Kachukua mahamri matatu, katoa kumi.
Nikamwambia ngoja chenji.
Akasema feri itaniacha, Bi, utanipa jioni.
Chenji hii ni ya nani?*

Idadi ninayo, magazeti yaliiandika:
mia mbili sabini na wawili.
Ningeulizwa idadi ningeshinda.
Nimekwenda kwa Nasoro, sasa haoni vizuri,
nikamuuliza shati la buluu.
Akacheka kidogo, halafu hakucheka.
"Siku hizo," akasema, "bandarini nani hakuwa na la buluu?"

Nikarudi nyumbani.
Nikapiga hesabu ya kijinga, kama kawaida yangu:
shilingi saba leo hazinunui hata hamri moja.
Labda sikio la hamri.
Nikabandua selotepu kuukuu, nikabandika mpya,
na pembe saba za ile sarafu
zikaacha alama kwenye kidole gumba,
zikakaa muda, zikafutika.

Mlango wa friji sasa uko kibarazani kwangu.
Watoto huja kabla ya shule, mahamri napika mabaya, wanakula.
Leo nimeandika swali lake, neno kwa neno.
Hakuna aliyekisia.
Wamesimama tu, mabegi mgongoni,
mmoja akauliza kama wote watapewa.
Nikawapa wote.

Kesho ni thelathini.
Vita vya Vietinamu viliisha mwaka gani?
Hilo nalijua.