Alama ya Unono

Profesa Etcheverry hataki tukisie kwa macho.
"Kiganja," anasema, "kiganja ndicho daftari."
Basi nazamisha vidole ubavuni mwa Hereford mwekundu,
nyuma ya mbavu ya mwisho, nikitafuta mafuta
chini ya manyoya yaliyolowa umande wa Paysandú.

Tatu na nusu, naandika.
Yamandú, mtoto wa mjini, anaandika nne;
jana aliuliza kama maksai hunyonyesha.

Darasani tunagawa kilo za nyama kwa hekta,
majani kwa siku, mvua kwa msimu.
Hakuna safu ya kumwandika baba,
aliyepanda farasi miaka thelathini katika ardhi ya watu
na kumjua ndama mgonjwa
kwa jinsi anavyonyamaza.

Nilimpigia simu: nimefaulu mtihani wa malisho.
"Na ukame, wamekufundisha?"
Bado, nikasema. Uko sura ya tisa.
Akacheka hadi akapaliwa.
"Sisi," akasema, "ndiyo tuliyoanzia."

Usiku, bwenini, naifungua hiyo sura.
Siisomi.
Naweka kiganja juu ya ukurasa, taratibu,
natafuta mbavu.