Ufunguo wa Sanduku la Bati

Sheria ya nyumba imebandikwa ukutani:
siku kumi na tano, si zaidi.
Anayechelewa kufa
ampishe mwenye haraka.

Likizo yangu nayo ni siku kumi na tano.
Mimi ni karani wa mizani, kiwanda cha sukari, Gopalganj.
Napima magari ya miwa yakiingia yamejaa,
nayapima tena yakitoka matupu,
na tofauti ndiyo naandika.

Mama nimemleta Kashi kwa treni ya usiku,
chai ikimmwagikia gotini,
kwa kuwa afiaye hapa, wasema, hazaliwi tena.
Gurudumu humtema.

Siku ya kwanza alivua bangili.
Ya tatu, pilipili: ulimi, alisema, umeshiba.
Ya sita akaachia majina ya wajukuu, moja moja,
kama mtu achambuaye mchele
ila yeye chuya akizibakiza, mchele akiutupa.
Ya nane aliniita "bwana karani"
akaniuliza kwetu ni wapi.

Nilitoka, nikalia karibu na muuza kuni za maiti.
Naye ana mizani.
Hakunitazama; alikuwa akibishana na mteja
juu ya kilo tano.

Lakini ufunguo!
Umefungwa kwenye pindo la sari, fundo juu ya fundo.
Hata usingizini vidole vilikwenda huko vyenyewe,
kama ng'ombe ajuaye zizi.
Na sandukuni mna nini?
Miwani ya baba, kioo kimoja.
Hati ya shamba tuliloliuza zamani.
Blanketi la arusi, wenye nalo sasa ni nondo.

"Roho haikwami mlimani," alisema Trilochan, msimamizi,
akilamba kidole afunue daftari la wafu.
"Mmoja hapa alichelewa siku tisa
kwa ajili ya chupa ya achari."

Siku ya kumi na mbili
Mama alifungua fundo kwa meno yake mawili,
akaniwekea ufunguo kiganjani, bado una joto.
"Katupe mtoni."

Nikashuka ngazi. Ganga ilikuwa rangi ya chai.
Niliinua mkono;
mbuzi aliyelala ngazini akainua kichwa, atazame.
Mkono ukashuka.

"Umetupa?"
"Nimetupa."
"Umesikia ulivyolia majini?"
"Nimesikia."
Akacheka, kicheko cha mtu aliyetua kuni kichwani,
shingo bado haijaamini.

Alfajiri ya kumi na nne, kabla ya kengele, akatoka.
Miaka ishirini na sita napima magari,
sijaona lililotoka tupu vile.

Treni ya usiku tena.
Kila reli inapoungana na reli
ufunguo mfukoni hunidunga paja.

Mama hatarudi.
Mimi nitarudi.
Mara ngapi, sijui;
sanduku lenyewe hata sijalifungua.