Pima Kumi na Moja

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu alikuja na jembe lake,
na sururu, na kamba ya katani begani,
yenye fundo moja kila pima.
Adriko, alisema. Kutoka Maracha, ng'ambo ya Naili.
Mzee Wopata akauliza mara tatu, nani?
Si kwamba hakusikia.

Kanisa ndilo lililomwita.
Mto Manafwa ulikuwa umetuharishia watoto.
Alizunguka viwanja vyetu jioni nzima,
kisha, nyuma ya migomba yangu, akapiga magoti,
akalaza sikio juu ya udongo
jinsi ambavyo hakuna aliyewahi kulilaza juu yangu.
"Yapo," alisema. "Pima kumi na mbili."

Mume wangu yuko Kakira, anakata miwa.
Huja Krismasi na mkate na kikohozi.
Hili nilimweleza bila kuulizwa.

Nilimpa uji. Akaacha kidogo chini, kama mtu mwenye adabu.
Mbele ya mama mkwe nilikisugua kikombe kwa jivu, mara mbili.
Kabla ya hapo, jikoni,
nilikigeuza ukingo nikatafuta palipokuwa mdomo wake,
nikamalizia.
Ulikuwa umepoa. Haukuwa na sukari.

Mtoni Khainza alisema, hajatahiriwa yule.
Umemwona wapi?
Tukacheka mpaka mitungi ikatuponyoka,
kisha kila mmoja akatazama maji yake.
Wanaume hawakucheka.
Kwao hawasimami uani na unga usoni, walisema,
basi huyo ni mvulana,
na nani atakunywa maji ya mvulana?
Tena analaza sikio chini. Anaongea na nani huko?
Tangu afike kuku wa Mudebo wanataga mayai laini.

Walivuta ndoo siku mbili, wakakumbuka kahawa yao.
Nikabaki mimi na kamba.
Akitikisa mara moja, ngoja.
Mara mbili, vuta.
Pima saba. Pima nane. Simwoni, giza tupu,
halafu mara mbili,
na mwili wangu wote ukaitika.

Kwenye pima ya kumi na moja alipanda juu,
tope mpaka kifuani,
akaniwekea donge la udongo kiganjani,
akavifunga vidole vyangu juu yake.
"Sikia ubaridi. Kesho."

Mama mkwe alikuwa mlangoni na ungo wa maharage.
Hakupepeta. Alitazama mkono wangu.
"Amekushika?"

Kinywa kilijaa maneno, nami nikachagua.
Nilisema, usiku nimemsikia, mama.
Anazunguka nyumba. Yuko uchi.
Anacheza juu ya kaburi la baba.

Aliyezunguka usiku ni mimi.
Nilikuwa na kanga moja na sikucheza.
Nilisimama ukingoni mwa shimo,
nikaivuta hewa yake kama mtu anayenusa mkate.

Hawakumpiga sana. Ndivyo wanavyosema.
Alfajiri alikuwa ameondoka na sururu tu.
Shimo walilijaza mawe, vigogo vya migomba,
na benchi bovu la kanisa,
na katekista mwenyewe alishika upande mmoja wa benchi.

Krismasi mume wangu aliuliza,
mbona hapa pamebonyea?
Takataka, nikasema.
Akakohoa, akapita.
Hakuona kwamba mvua ikikaribia
mawe ya pale hulowa kabla ya ardhi yote.

Bado tunateka Manafwa.
Kipande cha kamba nilikiokota, mafundo mawili,
nimemfungia mbuzi.
Kila mtu amekiona, hakuna aliyeuliza.
Usiku mbuzi akishtuka, akitikisa mara moja,
nalala.
Akitikisa mara mbili, nimeshasimama.