Tangulia Wewe

Saa tisa usiku, bohari la Tartu, nje theluji.
Mashine mbili zimekutana njia ya kumi na nne,
kila moja inaiambia nyingine: tangulia wewe.
Zinarudi nyuma kidogo. Zinangoja sekunde mbili.
Zinasogea pamoja. Zinasimama pamoja.
Tangulia wewe.

Hakuna kilichoharibika, na hilo ndilo linalomkera Maarika.
Kwenye mchoro wake kila wakala ana akili timamu,
ana saa yake kifuani, ana adabu;
hakuna mkubwa wa kupuliza filimbi.
Nyuma, nyingine mia mbili zimepanga foleni
na masanduku ya soksi na dawa za kikohozi.

Anachora tena: duara, mshale, duara,
na juu ya kila mshale, muda.
Ujumbe uliotoka nukta ya tatu
ukifika nukta ya tano
ni salamu kwa marehemu.
Kosa si hilo. Anakodoa macho.
Kosa ni subira: zimelingana mno.

Basi moja anaipa sekunde mbili kasoro,
nyingine mbili na ushei.
Anabonyeza.
Ya kwanza inapita, kama vile haikuwahi kusita.

Chai imeshika utando. Simu iko kando ya kibodi.
Dada yake yuko Haapsalu. Tangu mazishi ya Machi
kila mmoja anangoja mwenzake aanze,
watoto wa mama mmoja,
subira moja, kipimo kimoja.

Saa tisa na nusu si saa ya kumpigia mtu.
Anapiga.