Chubwi

Mwanangu Mshamu ana miaka saba
na kwenye daftari jina lake huishia Msha.
"Mzito," mwalimu aliandika kwa wino mwekundu.
Mzito! Sisi tuliokuwa tukiuza uzito kwa kilo.

Uani kwetu, Magomeni ya Mtwara,
Nalinga alivunja betri za magari kwa nyundo.
Maji yake makali aliyamwaga shinani mwa mpapai
(mpapai ukafa, tukasema jua)
na vile vipande akaviyeyusha kwenye karai
tulilokaangia maandazi Somoe alipotoka unyagoni.
Ikichemka hung'aa kuliko fedha,
kisha hujivika utando, kama uji ukipoa.
Alitoboa mchanga mbichi kwa kidole gumba, akamimina.
Chubwi mia mbili kwa siku, na wateja wapo.
Mshamu alikaa upande wa moshi
akizihesabu, akilamba vidole.
Wakati ule hesabu alikuwa anaijua.

Tumbo lilipomsokota tulimpa dawa ya minyoo.
Choo kilipogoma, mafuta ya nyonyo.
Alipoanguka akitoa povu, shangazi wa Newala alisema shetani,
tukanunua ubani na kaniki.
Nalinga mwenyewe kiganja kilianza kuning'inia,
nyundo ikimponyoka. Akasema uzee.
Ana thelathini na nne.

Ligula, nesi alimfunua mdomo:
kwenye fizi, mstari wa buluu, mwembamba kama uzi wa mshono.
Damu ikapelekwa Dar, ikakaa wiki sita.
Iliporudi akasema, "Risasi."
Nikamwambia, kwetu hajapigwa mtu.

Akanieleza polepole, kama anayekunja nguo za marehemu:
huingia kwa moshi, kwa vumbi, kwa kidole kinywani;
damu huichoka, mfupa huipokea,
huitunza miaka, kama amana ya mtu asiyerudi.
Nikashika tumbo langu, la miezi mitano.
"Mfupa wa mama ukimkatia mtoto chokaa yake..."
Hakumaliza. Akatazama kalenda ya ukutani.

Karai nililizika nyuma ya choo.
Usiku nikalifukua, nikikiogopa kisima.
Sasa liko juu ya paa, limefungwa kwenye kiroba.
Hata wa vyuma chakavu nimemfukuza.

Jana Mshamu alichukua penseli.
Msha.
Akangoja.
Akaniangalia
kama mimi ndiye niliyezificha zile herufi mbili.