Upande wa Pili

Jaladani yuko Kilongola peke yake,
suti ya kuazima, alto kifuani
kama mtoto aliyelala njiani.
Jina la mama liko nyuma, chini kabisa,
tena limekosewa: Eliwaja.

Walirekodi usiku mmoja, Gerezani,
ghala la katani, mablanketi ukutani
kuzuia honi za malori.
Mama alitokea mazoezi ya kwaya Magomeni,
viatu vya kanisani mkononi,
maana pedali za kinanda kile
hazikutaka mtu mwenye soli.

Leo, Ilala, umeme umerudi saa mbili.
Naweka sindano. Santuri inakwaruza
kama mchele unaopetwa.
Kisha pumzi. Kabla ya sauti, pumzi:
Kilongola alikuwa na pumu na hakuificha.
Alto inaingia imechelewa kidogo,
kama mdeni anayejua umeshamwona.

Mama anachambua mchicha. Haangalii.

Wimbo wa tatu, saksafoni inanyamaza ghafla.
Kinanda kinabaki peke yake,
kinasita,
halafu kinapanda ngazi
ambazo mchungaji wake hakuwahi kumruhusu.
Mpiga ngoma anasikika akicheka.

"Pumu ilimbana hapo?" nauliza.

Vidole vimesimama kwenye majani.
Mguu wa kushoto, pekupeku,
unakanyaga saruji, taratibu,
mahali pasipo na kitu.

"Pumu gani? Siku ile alikuwa na pumzi tele.
Alinipisha."